Neno Kiziwi na Unyoya wa Mama

Kama unasoma haya huku sikioni umeweka pamba, na pamba yenyewe imelowa mafuta ya aina yoyote, weka haya chini uende hospitali. Mengine utayasoma ukirudi. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi kwa zaidi ya miaka ishirini, na nina tabia ya kutoa zoezi kabla ya somo.

Waliobaki, tuendelee.

Ninaishi Kiomboi, nilikoolewa. Kwetu ni Mwankoko, pembeni ya mji wa Singida, na mama yangu bado yuko huko, kwenye nyumba ile ile niliyozaliwa. Mume wangu ni Elia, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Tuna binti mmoja, Rehema, ambaye mambo haya yalipoanza alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri kwenda chuo. Mimi naitwa Esta.

Kila mwaka, darasa la tano, nilikuwa na kipindi changu nilichokipenda kuliko vyote. Nilikiita ukoo wa maneno. Naandika neno ubaoni, watoto wanatafuta mzazi wake. Mpishi, wanasema pika. Ufunguo, wanasema fungua. Kizibo, wanasema ziba. Hapo nakuwa nimeshawatega. Naandika kiziwi, na darasa zima linanyamaza. Naweka chaki mezani, naingiza vidole viwili masikioni, nawakodolea macho. Lazima atokee mmoja wa kupiga kelele: "Kuziba, mwalimu!" Wenzake wanampigia makofi. Kiziwi, nawaambia, ni mtu aliyezibwa masikio.

Nilifundishwa hivyo chuo cha ualimu. Niliona limekaa vizuri, nikalibeba, sikuuliza tena. Siku hizi mwalimu mwenzangu anayependa kamusi ananiambia wapo wanaokubali hivyo, na wapo wanaosema neno lenyewe ni la kale mno, lugha ndugu zetu zina maneno yanayofanana nalo, na hakuna aliyekuwepo lilipozaliwa. Sina ugomvi na upande wowote. Ugomvi wangu ni na mimi mwenyewe, kwa sababu neno lile nililifanya daktari.

Ilianza na mafua ya mwezi wa pili, mvua zikiwa bado zinapiga. Mafua yaliondoka, sikio la kulia likabaki limejaa, kama umetoka kuoga na maji hayajatoka. Nilianza kuwageuzia watoto upande wa kushoto wakijibu maswali. Kwaya ya kanisani naimba sauti ya pili, na Jumapili mbili mfululizo kiongozi alinyoosha kidole kuelekea kwangu, maana yake nimetoka nje ya wimbo.

"Sikio limeziba," nilimwambia Elia.

"Hospitali ipo hapo, Mama Rehema. Hata nauli huhitaji."

"Wataniambia nini nisichokijua? Limeziba. Kilichoziba kinazibuliwa."

Alirudi kwenye randa yake. Elia hana kawaida ya kubishana na mtu anayejua, na mimi nilikuwa najua kweli kweli.

Likizo ya mwezi wa sita nikaenda Mwankoko. Ni msimu wa kupiga alizeti, makapi yanaruka kila mahali kwa ule upepo wetu, na mashine za kukamua zinaunguruma tangu asubuhi. Mama alikuwa na debe la mafuta mapya. Na mama alikuwa na unyoya wake.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu ndipo penye kisa chote. Mama yangu alikuwa akisafisha watu masikio. Hakuitwa mganga wala hakujiita. Aliokota unyoya wa bawa la kuku, akauchemsha, akauanika, akaukata ubaki na manyoya laini nchani tu. Jumamosi mchana kina mama walikuja uani kwake na watoto wao. Mtoto analazwa mapajani, uso upande wa jua, mama anaingiza unyoya na kuuzungusha polepole, mtoto anasinzia. Kina mama wenyewe wanakaa kwenye mkeka, wanabangua karanga, wanasengenya, wanacheka. Aliyekuja na kifungu cha mlenda alikiacha jikoni. Mtaa ulimwita Bibi Unyoya, naye akiitwa hivyo anaitika kwa raha. Uani pale Jumamosi palikuwa pazuri kuliko harusi nyingi nilizohudhuria.

Na alikuwa na sheria moja. Ngoja niiandike kama alivyoisema siku ile.

Alinilaza, nikiwa na miaka arobaini na saba, kichwa mapajani kwake. Akageuza sikio juani. Akainama akanusa.

"Lina maji," alisema.

"Ni nta hiyo, mama. Imeyeyuka."

"Nta naijua, Esta. Hii si nta. Sikio lenye maji mimi siligusi, hata la mtoto. Nenda kwa daktari."

"Mama, haya mambo nayafundisha. Kiziwi ni mtu aliyezibwa. Ukishamzibua, anasikia. Wewe nitie mafuta tu, halafu pitisha unyoya."

Aliuzungusha unyoya vidoleni. Mama hakwenda shule hata siku moja. Aliuza kuku miaka na miaka ili mimi niende, na siku niliporudi na cheti cha ualimu alikifunga kwenye khanga mpya akakiweka chini ya nguo zake. Kwake yeye, mimi nikisema jambo, limesemwa.

"Haya, mwalimu," alisema. Hakuwa ananitania.

Alipasha mafuta kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa, akajidondoshea kwanza kwenye mkono kuona kama yanaunguza, ndipo akanitia. Vuguvugu lilishuka ndani. Halafu kitu kikatoa mlio mdogo, po, na nikasikia kuku wakiparua, wazi kabisa.

"Unaona?" nilimwambia kwa kujidai.

Kusikia kwenyewe kulidumu mpaka jioni. Lakini kulinitosha kunipa kiburi cha miezi mitano. Nilirudi Kiomboi na kichupa cha mafuta na manyoya matatu ndani ya bahasha, na kila siku nikitoka shule najitia mwenyewe. Kulia kwa sababu limeziba. Kushoto, ambalo halikuwa na tatizo lolote, kwa kinga. Mama alinigusa mara moja, kwa kulazimishwa. Mara zote nyingine ni mkono huu huu ninaoandikia.

Mwezi wa nane sikio likaanza kunuka. Sitaki kupamba. Lilinuka kama kitu kilichosahaulika ndani ya ndoo. Nilitandika kitambaa juu ya mto na kukifua asubuhi kabla Rehema hajaamka. Elia alianza kulala akiwa amegeukia ukutani. Darasani, watoto wa dawati la mbele waliziba pua kwa kola za mashati, nami nikajifanya sioni. Kichwani nilikuwa na mlio wa mashine ya kusaga, hauzimwi hata Jumapili. Na sikio la kushoto nalo likaanza kufifia. Nikatia mafuta zaidi.

Mwezi wa kumi nikiwa ubaoni, darasa likazunguka. Nilianguka na chaki mkononi. Watoto walicheka, halafu wakaacha kucheka. Siku zile nilikuwa natembea kwa kupepesuka, na baadaye nilikuja kujua kwamba wazazi kadhaa walikuwa wamekwenda kwa mwalimu mkuu kumwambia nakunywa.

Sasa nikaenda hospitali. Nikaambiwa niende Singida.

Nikuambie kuhusu benchi la hospitali kwa mtu asiyesikia. Jina lako linaitwa. Hujui kama limeitwa. Unaangalia mdomo wa nesi kila akitokea mlangoni, unajaribu kuona jina lako, na majina yote yanafanana. Siku ya kwanza nilikaa tangu asubuhi mpaka benchi likabaki na mimi na ndoo ya kudekia. Niliitwa mara tatu, nikahesabiwa nimeondoka. Siku iliyofuata mlinzi wa mlangoni, mzee mmoja mwenye koti kubwa kuliko yeye, alichukua kadi yangu, akalisoma jina taratibu, akairudisha. Kila jina lilipoitwa alisikiliza, na lilipofika langu alikuja akanigusa bega kwa ncha ya fimbo yake. Wiki zote nilizohudhuria pale alifanya hivyo bila kuombwa. Kama unamsindikiza mtu asiyesikia, kaa naye benchini. Usiende kununua maji.

Mwezi wa kumi na moja, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, majibu yakatoka. Elia aliingia na mimi. Rehema alibaki nje kumsubiri bibi yake, ambaye alikuwa anakuja kutoka Mwankoko na chakula. Daktari alizungumza na Elia kwa muda mrefu, na Elia akaniandikia kwa kalamu yake ya useremala, ile bapa, kwa herufi kubwa: LA KULIA LIMEKWISHA. LA KUSHOTO LIMEUMIA. MFUPA UMELIWA. UTAPASULIWA DODOMA.

Daktari akachukua karatasi ile ile, akaandika chini: Ulikuwa unaweka nini?

"Mafuta ya alizeti," nilisema. "Na unyoya."

Akaandika: Nani alikuwekea?

Hapo ndipo ningetaka kurudi. Kama kuna siku moja mtu anarudishiwa, ningeomba hiyo, na ndani ya siku hiyo dakika hiyo moja. Jibu lilikuwa neno moja, mimi. Elia alikuwa amekaa pale, anajua. Nikasema, "Mama."

Nikatoka nje nikiwa bado nalo mdomoni. Mama alikuwa amesimama mbele ya benchi, amefunga kitenge chake kizuri, mkononi ana kapu lenye chakula kilichoviringishwa kwa khanga ili kisipoe. Aliniangalia usoni apate kujua habari. Nikamwambia habari.

"Ni wewe! Ni wewe uliyeniziba masikio!"

Ninaapa niliona nimesema polepole. Mtu asiyesikia hapimi sauti yake. Mimi niliihisi kooni tu, kama mnong'ono. Nilijua kilichotokea kwa kuangalia nyuso. Benchi lote liligeuka. Mtoto mmoja aliacha kutafuna andazi. Dirisha la dawa likafunguka, kichwa cha nesi kikatokea. Na kati ya watu wa benchi lile, nusu ni wa Mwankoko, maana hospitali yao ni hiyo.

Midomo ya mama ilicheza kidogo. Ni kama maneno mawili tu. Halafu akaweka kapu juu ya mapaja ya Rehema, akatengeneza kitenge, akaenda zake. Sikumwita. Nilifikiri ninayestahili kubembelezwa ni mimi.

Ndani ya kapu kulikuwa na ugali wa uwele na kuku. Kuku yule nilimla. Naona aibu kuandika, lakini nilimla wote.

Dodoma nilipasuliwa mwezi wa kwanza. Walininyoa nywele nyuma ya sikio, na zilipoota ziliota na mvi. Kwa wiki nyingi kila chakula kilikuwa na ladha ya kijiko, hata chungwa. Nilijifunza upya kutembea, mkono mmoja ukutani, Elia nyuma yangu mikono yake ikiwa wazi kama anamfuata mtoto wa mwaka mmoja. Yeye ndiye aliyenifulia vitambaa. Mume wangu, ambaye hakuwahi kufua hata soksi zake, alianika bandeji za mke wake kwenye kamba mbele ya wanaume wenzake, na hakuna aliyethubutu kumcheka.

Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja mfugaji, ana jipu kubwa shingoni. Hakujua kusoma, kwa hiyo daftari langu la kuandikiana na watu halikumsaidia. Tulielewana kwa mikono. Alinionyesha ana ng'ombe wangapi, yupi anapiga teke, mkwe wake yupi mvivu. Tulicheka mpaka nesi akaja kutushika midomo. Siku mbili nzima nilizungumza na mtu nisiyemjua, asiyejua kusoma, bila neno hata moja. Na wazo la kwamba ningeweza kuzungumza hivyo na mama yangu halikunijia hata mara moja. Nilikuwa nimejiambia kuwa kati yangu na mama hakuna njia: yeye hasomi, mimi sisikii, na meno hana, midomo yake haisomeki. Ilikuwa sababu nzuri sana, na niliitunza.

Nilirudi Kiomboi wakati wa palizi. Shuleni walinitoa darasani wakanipa kazi ya kusahihisha madaftari na kutunza vitabu. Nyumbani, chakula cha jioni kikawa kirefu. Elia na Rehema wanazungumza, wanacheka, nauliza, "Mnasema nini?" Wananijibu kwa kutikisa kichwa, hakuna kitu. Asiyesikia anapewa hakuna kitu kwa sahani nzima. Ndugu mnaoishi na mgonjwa wa namna hii, nawaomba, hiyo hakuna kitu mwandikieni. Hata kama ni habari ya kuku wa jirani.

Simu ya mama ilikuwa ikiingia kwa Rehema. Akimaliza anaandika kwenye daftari: Bibi anasalimia. Kila mara hivyo hivyo. Nilijibu, msalimie. Hakuja kuniona, na mimi sikwenda. Nilijua amenuna, nami nikanuna nyuma yake. Ulipita msimu wa kuvuna, ukapita upepo wa mwezi wa saba, zikaja mvua nyingine.

Alizeti za mwaka wa pili zilipokuwa zimechanua, sikio la kushoto lilikauka na nikapewa kifaa cha kusikia. Ni kidude kidogo cha rangi ya maziwa, kinakaa nyuma ya sikio, na kwangu kinajificha vizuri chini ya kilemba. Usitegemee muujiza. Kijiko kikigonga sahani unaruka. Bati likinyeshewa unataka kukimbia. Sauti ya Elia ilikuja nyembamba, inatoka kama kwenye redio ya betri kuukuu. Lakini ilikuja. Alisema, "Mama Rehema," nikasema, "Abee," na alitoka nje akaenda kupiga randa ubao ambao ulishanyooka tangu juzi.

Mwezi wa sita nikasema sasa naenda Mwankoko. Sikusema naenda kuomba msamaha. Nilisema naenda kumwonyesha mama kifaa. Tukaenda na Rehema, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza chuo na yuko likizo.

Tulishuka, nikapitia duka la kona kununua sukari na majani ya chai, Rehema akabaki nje na mizigo. Dukani walikuwepo kina mama wawili. Mmoja aliniangalia, akamwambia mwenzake, wala hakushusha sauti:

"Si huyu? Mwalimu, binti wa Bibi Unyoya. Yule aliyezibwa masikio na mama yake."

"Polepole wewe."

"Polepole ya nini, huyo hasikii. Mwenyewe alitangaza hospitali, mimi nilikuwepo. Tangu siku hiyo wangu sijampeleka tena. Nani anampeleka? Bibi wa watu anakaa peke yake Jumamosi, mkeka anatandika, hakuna mtu."

Nililipia sukari. Majani ya chai niliyaacha pale pale juu ya meza.

Mwaka na nusu. Mwaka na nusu habari ile ilitembea Mwankoko nzima, na mtu pekee ambaye haikumfikia ni yule aliyeianzisha. Hayo ndiyo mambo ya kwanza ambayo kifaa changu kiliniletea Mwankoko.

Nje nilimshika Rehema mkono. "Ulikuwa unajua?"

Aliangalia chini. "Bibi alinikataza. Alisema mama yako ana maumivu ya kutosha."

"Siku ile hospitali, nilipomwambia vile, alijibu kitu. Nilimwona midomo. Alisema nini?"

"Mama, tuache."

"Rehema."

"Alisema, 'Ni kweli.'" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Watu wote wanamwangalia, akasema ni kweli. Halafu akanipa kapu."

Nimefundisha maneno maisha yangu yote, na sijakutana na mawili mazito hivyo. Yeye aliyenusa sikio akakataa. Yeye aliyesema nenda kwa daktari. Alikuwa na jibu lake mkononi, mashahidi angewapata, na angelisema kila mtu angejua mwongo ni nani. Kiziwi ni aliyezibwa, nilikuwa nikiwaambia watoto, na sikuwahi kuwauliza amezibwa na nani. Lile neno halisemi. Jina la mtu nililijaza mimi, nikajaza la mama yangu, naye akalipokea.

Tulimkuta uani. Ilikuwa Jumamosi, na mkeka ulikuwa umetandikwa kweli. Alikuwa amekaa ukingoni mwake, anabangua karanga peke yake. Amekonda. Hakuinua kichwa tulipobisha hodi. Rehema alikwenda akamgusa goti, ndipo akashtuka, akatabasamu.

Sikuelewa hapo hapo. Nilipiga magoti mbele yake. "Shikamoo mama."

Aliniangalia midomo. Macho yake yalinikodolea mdomoni, yanatafuta, na mimi tabia ile naijua kuliko mtu yeyote.

"Ni uzee, mama," Rehema aliniambia pembeni. "Tangu mvua zilizopita. Kwenye simu nilikuwa narudia mara tatu tatu."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Nilipokuwa sisikii yeye alisikia. Nimepata kusikia, yeye hasikii tena. Kile kipindi katikati, ambacho ningeweza kumwambia kwa mikono, kwa macho, kwa kulaza kichwa mapajani mwake tu, nilikitumia kununa.

"Mama, nisamehe," nilisema.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Nisamehe, mama! Si wewe, ni mimi!"

Alitikisa kichwa, hajapata. Akajisogeza, akanipa sikio la upande mwingine. Nikavuta pumzi. Safari hii nilijua sauti yangu ina ukubwa gani, maana niliisikia mwenyewe, ikitoka kwangu na kupiga ukuta wa jirani.

"Ulinikataza! Ulisema niende kwa daktari! Mafuta nilijitia mwenyewe! Nilikusingizia mbele za watu, mama!"

Pale bombani, ng'ambo ya uzio wa michongoma, kina mama waliokuwa wanateka maji waliacha kuteka. Ndoo moja ilijaa ikamwagika, hakuna aliyeigusa. Mwanamke wa dukani alikuwepo, mfuko wake mkononi. Walikuwa wamesimama wote wanatuangalia.

Mama aliwaona. Akanishika mdomo kwa vidole vyake, vya moto na vyenye vumbi la karanga, akasema kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akininyamazisha kanisani nikiwa mdogo, "Polepole, mwanangu. Watu watasikia."

Nimeambiwa na manesi, nami nakuambia wewe, kwamba sikio halihitaji unyoya wala mafuta, la mtoto wala la mtu mzima. Kwa hiyo sikuwataka kina mama wale warudishe watoto kwa kazi ile, na mikono ya mama siku hizi inatetemeka hata hivyo. Nilitaka warudi kukaa. Wamerudi baadhi, wachache, si kama zamani. Yule wa dukani bado hajaja.

Lakini siku ile niliutoa mkono wa mama mdomoni kwangu, nikageuka nikatazama bombani, nikayasema tena yote tangu mwanzo.